AC ya Corolla 110: Mbeya inapoza vizuri, ikishuka Kyela inatoa hewa ya uvuguvugu

Uyole_Njiapanda:

Wakuu, heshima kwenu. Naomba msaada wa wanaozijua AC za magari ya zamani.

Gari ni Toyota Corolla 110 ya mwaka 1999, injini 5A, gia otomatiki. Kituo chake ni Uyole lakini linashuka Kyela mara kwa mara, na wakati mwingine linapita Igurusi na Chimala kwenda Makambako. Hapa Mbeya AC inapoza mpaka mtu anaomba ipunguzwe. Ukishapita Tukuyu na joto likaanza kupanda, ubaridi unapungua kidogo kidogo. Kyela mjini saa saba mchana ni hewa ya uvuguvugu tu, hasa gari likisimama. Likikimbia 80 linapata nafuu, ukisimama tena joto linarudi. Kuanzia Oktoba ndiyo hali imekuwa mbaya.

Mambo yaliyokwisha kufanyika: fundi mmoja hapa mjini aliongeza gesi mara mbili bila kutoa ya zamani. Geji ya bluu ilisoma 25, akasema gesi ni ndogo, akajaza mpaka 40. Baada ya hapo Kyela ikawa mbaya kuliko mwanzo. Fundi mwingine amesikiliza injini akasema kompresa imechoka, nitafute ya mtumba. Mkanda ni mpya, feni ya mbele naiona inazunguka AC ikiwashwa, na upepo wa ndani unatoka kwa nguvu zote.

Je, kompresa inaweza kuchoka halafu ikafanya kazi Mbeya na kugoma Kyela? Na kuna vipimo gani naweza kufanya mwenyewe kabla sijatoa hela?

---

Gesi_Ipogolo:

Mkuu, kompresa usiinunue kwanza. Kwenye maelezo yako kuna sentensi moja inayosema karibu kila kitu: geji ya bluu ilisoma 25 gari likiwa Mbeya, ikaongezwa gesi mpaka 40. Kosa hili linafanyika sana Mbeya, Njombe, Makambako na Mafinga, na chanzo chake ni baridi ya huku kwetu.

Kitabu cha Toyota kwa mifumo ya R134a (gesi ya AC ya gari lako) kinataka psi (kipimo cha presha) 21 hadi 36 upande wa chini, ndiyo geji ya bluu, na takriban 200 hadi 228 upande wa juu, ndiyo geji nyekundu. Lakini namba hizo zina masharti yake: hewa inayoingia iwe nyuzi 30 hadi 35, injini izunguke 1,500 kwa dakika, feni ya ndani iwe namba ya mwisho, kitufe kiwe cha kuzungusha hewa ya ndani, na kidhibiti cha joto kiwe baridi kabisa. Asubuhi ya Mbeya ni nyuzi 18 au 20. Kwenye hewa kama hiyo kondensa (ile kama rejeta iliyo mbele ya gari, inayotoa joto la gesi) inapoa kirahisi, na presha ya juu kuwa 140 au 150 ni afya kabisa. Kwa hiyo 25 yako ilikuwa sawa, tena hata kwa kitabu iko ndani ya mstari. Aliyeitaka 40 alikuwa anatafuta namba ya joto la Dar es Salaam kwenye baridi ya Uyole.

Gesi ikizidi inaharibu namna hii. Kondensa inafanya kazi mbili, inaipoza gesi ya moto na kuigeuza kimiminika. Kazi hiyo inahitaji nafasi. Ukijaza kupita kiasi, kimiminika kinatuama kwenye mistari ya chini ya kondensa na sehemu inayobaki kwa ajili ya gesi inakuwa ndogo. Mbeya huoni tofauti, kwa sababu hewa ni baridi kiasi kwamba hata nusu ya kondensa inatosha. Kyela kwenye nyuzi 33 haitoshi tena. Presha ya juu inapita 300, na ya chini inapanda nayo. Na hiyo ya chini ndiyo inayoamua ubaridi unaoupata: kwa R134a, psi 30 ukiwa Kyela maana yake ndani ya evaporeta (kipoza hewa kilicho ndani ya dashibodi) ni kama nyuzi 1, lakini psi 50 ni karibu nyuzi 12. Evaporeta ikiwa nyuzi 12, hewa itakayotoka haiwezi kushuka chini ya hapo hata feni ipige namna gani.

Nafuu inayokuja gari likikimbia inaonyesha huko huko kwenye kondensa. Upepo wa barabarani unaisaidia kutoa joto. Kompresa iliyochoka haina tabia hiyo. Ikichoka kweli, presha ya juu inakuwa ndogo na ya chini inakuwa kubwa, zinakaribiana, na ukipandisha mzunguko wa injini hazitengani kama inavyotakiwa. Hata Mbeya ungeiona inachelewa kupoza.

Vipimo vya kufanya mwenyewe, anza na vya bure.

Tafuta kioo kidogo cha duara kwenye bomba jembamba la AC au juu ya draya (kichupa kinachonyonya unyevu ndani ya mfumo). Washa AC, pandisha injini mpaka 1,500, ukitazame. Mapovu mengi yasiyoisha ni gesi pungufu. Kikiwa safi, usifurahi mapema, maana kinakuwa safi gesi ikitosha na kinakuwa safi vilevile ikizidi, au ikiwa imeisha kabisa. Sasa zima AC huku ukikitazama. Gesi iliyotosha hutoa povu mara moja halafu kioo kinasafika. Ikibaki safi moja kwa moja bila povu lolote, gesi imezidi. Kipimo hiki kifanye kwenye joto la wastani. Hewa ikizidi nyuzi 35 mapovu machache ni ya kawaida.

Cha pili ni maji. Ukiwa Kyela gari limesimama na AC imegoma, chukua lita 5 za maji ya kawaida, mwagia kondensa taratibu kwa mbele kupitia grili. Mtu wa pili ashike kipimajoto kwenye tundu la katikati la dashibodi. Hewa ikishuka nyuzi 5 au zaidi ndani ya dakika moja au mbili, kompresa yako ni nzima na shida ni joto kushindwa kutoka kwenye kondensa. Sababu zitabaki tatu: gesi imezidi au ina hewa ndani yake, kondensa imeziba, au feni haivuti inavyopaswa.

Cha tatu kinahitaji geji. Gari lilale usiku kucha kivulini. Asubuhi kabla ya kuwasha injini, funga geji zote mbili na upime joto la hewa pale pale. Geji zitasoma sawasawa. R134a safi kwenye nyuzi 20 inasoma 68 ukiwa usawa wa bahari, na kwenye nyuzi 25 inasoma 82. Huku juu ongeza karibu 3, kwa sababu geji inapima tofauti na hewa ya nje, na hewa ya Mbeya ina uzito wa psi 12 tu badala ya 14.7. Kwa hiyo nyuzi 20 Uyole ni kama 71. Ukikuta 85 kwenye nyuzi 20, ndani kuna hewa au gesi ya aina nyingine. Ukikuta 50, kimiminika kimeisha, gesi ni kidogo kweli. Ukikuta namba sahihi, umejua tu kwamba gesi ni safi. Wingi hujaujua: mfumo wenye gramu 250 na wenye gramu 900 vinasoma presha ileile asubuhi, mradi kimiminika kipo. Hapa ndipo watu wanapodanganyika.

Mwisho, soma stika iliyo chini ya boneti. Inataja aina ya gesi na gramu. Corolla 110 ilitoka kiwandani na R134a tangu mwanzo, kwa hiyo mtu asikuambie iliundwa kwa R12, gesi ya zamani.

---

Waya_Mwekundu:

Fundi wa Ipogolo kaeleza vizuri upande wa gesi. Naongeza upande wa umeme, maana feni inaweza kuzunguka na bado isifanye kazi.

Chukua karatasi nyepesi ya daftari. Gari limesimama, AC imewashwa, iweke mbele ya kondensa. Lazima ivutwe na kunata pale. Ikipeperushwa kuelekea mbele, feni inazunguka kinyume. Hii hutokea feni ya mtumba ikifungwa na waya zikapishana. Kinyume hivyo, gari likikimbia feni inashindana na upepo wa barabarani, na likisimama inaitupia kondensa joto la rejeta. Karatasi ikivutwa kwa uvivu, angalia kaboni za mota. Kaboni zilizoisha huifanya feni izunguke vizuri ikiwa ya baridi, halafu ikipata joto inapungua kasi au inasimama mpaka uigonge. Iache gari ikiunguruma dakika 20 na AC ndipo urudie kipimo cha karatasi. Kuipima injini ikiwa ya baridi hakukusaidii.

Pima pia volti kwenye soketi ya feni yenyewe, ikiwa inazunguka. Betri ikisoma 13.8 na soketi ikasoma 11.5, kuna rilei iliyoungua vidomo au waya wa bodi wenye kutu. Waya wa bodi safisha kwanza, ni kazi ya msasa na spana ya 10.

Kitu kingine kinachogoma kwenye joto tu ni klachi ya kompresa. Kati ya sahani ya mbele na puli kuna uwazi mdogo, kwenye kompresa za Denso za Toyota ni takriban milimita 0.35 hadi 0.6. Kadiri miaka inavyopita sahani inalika na uwazi unaongezeka. Koili ikipata joto, ukinzani wake unapanda, sumaku inapungua nguvu, na ikiwa uwazi umefika milimita 0.8 au 1 haiwezi tena kuivuta sahani. Dalili yake unaijua bila kifaa: AC inapoza nusu saa, inakata ghafla, ukizima gari likapoa inarudi. Ikikata, fungua boneti utazame sahani ya katikati. Puli inazunguka siku zote. Sahani ikiwa imesimama huku kitufe cha AC kimewashwa, pima volti kwenye waya wa koili. Kama ziko 12 na zaidi na sahani haivutwi, ni uwazi au koili. Kama hakuna volti, kitu kingine kinaikatia: swichi ya presha, rilei, au kihisi cha evaporeta.

Uwazi unapimwa kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia uwazi). Kuupunguza fungua boliti ya katikati, vuta sahani, utakuta shimu nyembamba moja au zaidi kwenye shafti. Toa moja, rudisha, pima tena pande tatu. Kazi hii haigusi gesi kabisa. Fundi akikuambia lazima gesi itolewe ili kurekebisha klachi, mtafute mwingine.

Hata hivyo, kwa maelezo yako ubaridi unapungua pole pole, haukati ghafla. Klachi naiweka nyuma ya kondensa na gesi. Swichi ya presha nayo naiweka mbali, kwa sababu ya Toyota inakata karibu psi 455 upande wa juu, na ukifika hapo utasikia klachi inakamata na kuachia mara kwa mara.

---

Uyole_Njiapanda:

Nashukuru sana wakuu. Nimepata geji ya kuazima na kipimajoto cha jikoni chenye mkia wa chuma. Majibu haya hapa.

Stika inasema HFC134a, gramu 650, kuongeza au kupungua 50. Asubuhi Uyole, nyuzi 17, injini haijawashwa: geji zote mbili 64. Kioo ni safi, na AC ikizimwa kinabaki safi, sijaona povu.

Kyela mchana, hewa nyuzi 33, injini 1,500, feni ya ndani mwisho, hewa ya ndani: chini 52, juu 340, tundu la katikati nyuzi 19. Baada ya kumwagia maji kondensa: chini 40, juu 250, tundu la katikati 13. Karatasi inavutwa na kunata, hata gari likiwa na joto. Sahani ya klachi haikuachia muda wote.

Swali: nikifungua tu vali nikapunguza gesi kidogo kidogo mpaka geji ikae vizuri, si inatosha?

---

Gesi_Ipogolo:

Umepima vizuri, mkuu. Nyuzi 17 kwa 64 ni R134a safi kwa mwinuko wa Uyole, hesabu inadai kama 63. Kwa hiyo hakuna hewa iliyoingia, na kompresa inayosukuma mpaka 340 haijachoka.

Angalia sasa hiyo 340. Kwa Kyela, presha hiyo ni gesi inayogeuka kimiminika kwenye nyuzi 76 hivi. Kondensa yenye afya hufanya kazi hiyo kwenye nyuzi 20 hadi 25 juu ya hewa ya nje, yaani kwa siku ile kama nyuzi 55, ambayo ni psi 200 na kidogo. Wewe uko nyuzi 43 juu. Upande wa chini 52 ni evaporeta yenye nyuzi 12 na kitu, na ndiyo maana tundu limekupa 19. Maji yalipoisaidia kondensa vyote vilishuka pamoja. Kioo kisichotoa povu kinamalizia ushahidi: gesi imezidi. Kondensa chafu inaweza kuongeza uzito juu yake, kwa hiyo anza na usafi kwa sababu hauna gharama.

Kuosha: toa grili, tumia mpira wa maji wa kawaida, ikiwezekana maji yatoke nyuma kwenda mbele ili uchafu urudi ulikoingilia. Mashine ya presha ya kuoshea magari usiielekeze kwenye mapezi, yanalala na kuziba kabisa. Magari yanayopita Usangu wakati wa mavuno ya mpunga hukusanya makapi na vumbi kati ya kondensa na rejeta, mahali ambapo kwa mbele huoni. Mulika tochi kwa nyuma. Mwanga usipopita, rejeta inabidi ilegezwe na isogezwe nyuma ndipo upasafishe. Mapezi yaliyolala nyoosha kwa kitana maalumu au kijiti cha plastiki. Bisibisi hapana, inatoboa.

Kuhusu kufungua vali na kupunguza kwa macho: usifanye. Kwanza hutajua umebaki na gramu ngapi, utakuwa umehama kutoka kukisia kuongeza kwenda kukisia kupunguza. Pili, gesi ikitoka kwa kasi inabeba mafuta ya kompresa, na mafuta hayo hayarudi yenyewe. Tatu, R134a ni gesi inayolipasha joto anga zaidi ya mara elfu moja ya kiasi kilekile cha hewa ukaa. Tafuta fundi mwenye mashine ya kuvuta gesi na kuiweka kwenye mtungi, apime kwa mizani alichotoa. Mwambie akuonyeshe namba. Na aangalie mafuta yaliyotoka pamoja na gesi, apime ni mililita ngapi, maana hizo hizo ndizo atakazorudisha.

Kisha vakyumu, yaani kunyonya hewa na unyevu wote kwa pampu. Hapa kuna jambo la Nyanda za Juu ambalo linawachanganya mafundi. Geji ya bluu imeandikwa mpaka 30 (inchi za zebaki) upande wa chini ya sifuri. Uyole pampu nzuri kabisa inaishia kwenye 24 hivi, kwa sababu hewa yote ya huku haina uzito zaidi ya huo. Pampu si mbovu. Lakini usikubali 20 au 21 kwa kisingizio cha mwinuko: maji yaliyojificha ndani yanaanza kuchemka na kutoka geji ikifika kama 23.5 kwenye joto la nyuzi 25, na kukiwa na baridi yanahitaji vakyumu kali zaidi. Kwa hiyo washa injini kwanza mpaka chumba chake kipate joto, zima, ndipo pampu ianze, na iachwe dakika 45 hadi saa nzima. Ikizimwa, funga geji usubiri dakika 30. Mshale ukirudi haraka bila kusimama ni tundu. Ukirudi kidogo ukasimama ni unyevu, rudia.

Kutafuta tundu kunafanywa kwa naitrojeni kavu, psi 150, na sabuni kwenye kila kiungo. Oksijeni ya wachomeleaji isiingizwe kwenye AC kwa hali yoyote. Oksijeni ya presha ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka, inaua mtu. Hewa ya kompresa ya matairi nayo hapana, imejaa unyevu.

Kujaza ni kwa mizani, gramu 650, basi. Mtungi usimame wima ili itoke gesi tupu, kwa upande wa chini, injini ikiunguruma. Ukiupindua wakati kompresa inazunguka unaipelekea kimiminika, na kompresa haiwezi kubana kimiminika, vali zake zinavunjika. Asubuhi ya baridi gesi inagoma kutoka nusu ya kazi kwa sababu mtungi wenyewe umepoa. Uweke kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu, yasizidi nyuzi 40. Jiko, moto au tochi ya gesi havisogezwi karibu.

Ukimaliza, geji za Uyole zitasoma kama 25 na 145. Ziache hivyo. Fundi akitaka kuona mfumo ukibeba mzigo bila kushuka Kyela, azibe sehemu ya kondensa kwa kipande cha boksi mpaka presha ya juu ifike 210 hivi, aangalie ya chini iko wapi na tundu linatoa nyuzi ngapi, kisha atoe boksi. Asiondoke akaliacha hapo.

---

Karakana_Makambako:

Naongeza mambo mawili ambayo kwa magari ya huku hayakosekani, hata gesi ikiwa sahihi.

La kwanza ni hita. Watu wa Mbeya, Makambako na Njombe tunawasha hita Juni na Julai, Dar hawaigusi kabisa. Corolla nyingi za umri huo zina valvu ya maji ya hita kwenye ukuta wa injini, inavutwa na kebo kutoka kwenye kidhibiti cha joto. Kebo ikilegea au valvu ikishika kutu ya maji yasiyo na kulenti, haifungi mpaka mwisho. Maji ya nyuzi 80 na zaidi yanaendelea kupita kwenye hita, na hewa iliyopozwa na evaporeta inapashwa moto tena kabla haijakufikia. Geji zitasoma vizuri na bado utaona uvuguvugu. Kipimo: injini ikiwa ya moto, kidhibiti kwenye baridi kabisa, shika mpira wa hita ulio baada ya valvu. Ukiunguza mkono, valvu haifungi. Sukuma mkono wa valvu kwa kidole uone kama una safari iliyobaki. Ukiwa nayo, legeza klipu ya kebo, sukuma mpaka mwisho, kaza klipu. Ndani ya dashibodi kuna mlango wa kuchanganya hewa unaovutwa na kidhibiti hicho hicho, nao urekebishe ufunge kabisa.

La pili ni barafu kwenye evaporeta. Kyela kuna unyevu mwingi wa Ziwa Nyasa. Kihisi cha joto cha evaporeta kikiharibika au kikitoka mahali pake, kompresa haikati, na maji yanayoganda yanaziba evaporeta. Tofauti yake na tatizo la mwuliza swali ni upepo: kwenye barafu upepo wenyewe unapungua nguvu baada ya nusu saa au saa, ingawa feni inasikika vilevile. Zima AC, acha feni ya ndani dakika 10. Maji mengi yatamwagika chini ya gari na upepo utarudi. Kihisi chenyewe pima kwa mita, kwenye nyuzi 25 kinasoma karibu omu 1,500. Kikisoma wazi au sifuri, badilisha.

Ukiwa na nafasi toa droo ya mbele ya abiria utazame evaporeta. Gari lisilo na chujio la hewa ya ndani hukusanya vumbi, nywele na manyoya kama blanketi upande unaoingilia hewa. Safisha kwa brashi laini na maji ya sabuni kidogo, na tundu la kutolea maji lipitishiwe waya laini lisizibe.

---

Uyole_Njiapanda:

Asanteni sana. Valvu ya hita nimeikuta, mpira ni wa uvuguvugu tu, hauunguzi. Nitaanza na kuosha kondensa, kisha kuvuta gesi. Swali la mwisho kwa fundi: gesi ikishatolewa, draya ibadilishwe? Na mafuta gani?

---

Gesi_Ipogolo:

Kama mabomba hayafunguliwi, kazi ni kuvuta, vakyumu na kujaza tu, draya iache. Ikifunguliwa sehemu yoyote kubadilisha oringi, kondensa au kompresa, weka draya mpya na iwe kitu cha mwisho kufungwa, vifuniko vyake vitolewe dakika hiyo hiyo pampu inaandaliwa. Draya iliyoachwa wazi benchini kutwa imeshashiba unyevu, haina kazi.

Mafuta ni PAG 46, kwa Denso yanaitwa ND-OIL 8. Mafuta ya friji au ya injini hayafai. Rudisha kiasi kilichotoka na gesi. Ukibadilisha draya ongeza karibu mililita 20, kondensa mpya karibu 40. Oringi ziwe za R134a, zipakwe mafuta hayo hayo kabla ya kukaza, na kila bomba likazwe kwa spana mbili ili lisijipinde. Chupa ya PAG ikishafunguliwa funga kifuniko mara moja, yanavuta unyevu wa hewa haraka. Chupa iliyokaa wazi kwenye kabati la karakana tangu mwaka jana usimruhusu mtu aitumie kwenye gari lako.